Modemu Mbili Kwenye Lori la Juba

Tangu nirudi Eldoret, hakuna anayeleta simu yake kibandani kwangu bila kuuliza habari za Juba. Mnauliza huku mmeegemea meza ya kazi, mnamwaga skrubu zangu, na nikifika Soroti kwenye masimulizi, simu yenu imeshapona na mmeondoka. Basi nimeandika yote, someni kwa nafasi yenu. Habari za pasipoti na vibali nimeziacha. Foleni ni foleni, haina utamu hata ukiisimulia kwa ufundi gani.

Kwa wasiojua mwanzo wake: Haji Abdi, mwenye malori yanayopeleka nafaka Sudan Kusini, alinijia miezi kadhaa iliyopita, wakati kura hii ya kwanza tangu vita vya uchaguzi uliopita ilipoanza kukaribia. Mnakumbuka mji ulivyokuwa. Watu walisalimiana kwa heshima iliyopita kiasi, na wapangaji walikuwa wakihamisha vitanda mchana bila kusema wanaenda wapi. Haji alitaka kila dereva wake awe na kifaa cha mkononi kisichokuwa simu. Simu huisha chaji, huisha salio, na penye kizuizi barabarani ndiyo inayonyang'anywa kwanza. Nikamtengenezea kitu cha ukubwa wa kipande cha sabuni, chenye betri nene, kitufe kimoja cha kijani na taa ndogo. Dereva akibonyeza, ujumbe unaenda kwa simu ya mtu wake nyumbani kumwambia yuko salama na yuko wapi. Ukipokelewa kule, taa inawaka. Kama hakuna mtandao, kifaa kinaushikilia ujumbe na kuendelea kujaribu mpaka kiupate.

Kazi hiyo yote hufanywa na kipande kimoja kilichomo ndani, yaani modemu. Ndiyo sikio na mdomo wa kifaa. Na modemu hazilingani. Iliyofundishwa mawimbi ya nchi moja inaweza kuwa kiziwi kabisa ikivuka mpaka. Nilikuwa nimebaki na mbili za kuchagua. Moja ilikuwa mpya, ya 3G peke yake, yenye kasi ya kutuma mahali lori lilipo bila kupumzika, hata Haji akaliona likitembea kwenye ramani ya kompyuta yake. Ya pili ilikuwa ya 2G, ya kizamani, haina habari na ramani. Ilijua ujumbe mfupi na kupigiwa simu, basi. Ile mpya niliifunga katika kasha lenye utepe wa bluu, na ya zamani utepe wa njano.

"Mimi nataka kuona lori yangu ikitembea," Haji aliniambia. "Lakini sitaki kununua kitu itanyamaza huko mbele. Panda na Kamau, beba zote mbili mpaka Juba. Ile utaniambia ni mzuri, hiyo ndio nitaagiza ya madereva wote."

Moyoni nilikuwa nimeshachagua ya bluu. Kipya kinyemi, na mafundi ndio wa kwanza kudanganyika.

Pioneer

Kamau ndiye dereva wa siku nyingi kuliko wote kwa Haji. Ni mtu mnene, mpole, anayeendesha lori kana kwamba limebeba mayai. Kabla ya kuondoka alinipeleka kwake, mtaa wa Pioneer, nimwone mkewe, Mama Wangari, kwa sababu simu yake ndiyo ingepokea ujumbe wetu.

Mama Wangari ana duka la rejareja mbele ya nyumba. Alitupakulia mukimo wa viazi na mahindi yaliyopondwa, akaketi, akaniangalia.

"Wewe ni wa wapi, fundi?"

"Kapseret," nikasema.

Nyumba yao ya kwanza, ile waliyoijenga wenyewe, iliteketezwa wakati wa vita vya kura, na waliokuja na moto walikuwa watu wanaozungumza lugha ya mama yangu. Mimi nilikuwa chuoni Nairobi, lakini kuna maswali yasiyojali ulikuwa wapi. Nikaangalia sahani yangu. Mama Wangari akachukua birika, akanijazia kikombe mpaka ukingoni.

"Sikiza, fundi," akasema. "Ramani ni ya Haji, ni ya lori yake. Mimi nataka kujua mtu wangu ako hai. Popote. Hapo Malaba, na huko Juba. Hii kitu yako ikinyamaza hata mahali moja, Kamau hatatoka tena mpaka kura ipite. Na Haji akitaka kumfuta kazi, amfute."

Kamau alikuwa akikatakata mukimo wake kwa kijiko kama mtoto aliyeambiwa ale. Kazi ile ndiyo iliyokuwa inasomesha watoto wao, na duka lile lisingeweza peke yake. Niliondoka pale nikiwa nimebeba vifaa viwili vyepesi vilivyokuwa vizito ghafla.

Soy

Safari ya Juba ilianza kwa kurudi nyuma, maana mzigo ulikuwa Soy. Tulikuta mahindi bado yana maji, yameanikwa kwenye maturubai uwanja mzima, na hakuna aliyekuwa na haraka ila mimi. Kila jua lilipojificha watu walikimbia kuyafunika, na lilipotoka wakayafunua tena. Mnunuzi alikuwa akitafuna punje na kutikisa kichwa. Kamau alitandika koti lake chini ya lori akalala.

Nikaona nitumie nafasi hiyo kujaribu vifaa. Wenye mahindi wakanizunguka. Mzee mmoja aliuliza kama ni rimoti, na kama inaweza kubadilisha stesheni ya televisheni ya jirani yake anayependa mieleka. Nikabonyeza cha bluu, taa ikawaka. Nikabonyeza cha njano, taa ikawaka. Mama Wangari akanipigia kusema ameona jumbe zote mbili, na mbona bado tuko Soy.

Mtacheka, lakini nitasema. Nimechomelea simu miaka mingi, na jambo hili bado hunishangaza. Umesimama katikati ya mahindi, kidole kinabonyeza plastiki, na kabla hujakiondoa, ndani ya duka huko Pioneer kitu kinatikisika juu ya kaunta. Katikati hakuna kamba. Kuna hewa tu, ng'ombe, na miti ya watu. Yule mzee alipoona nimebaki nimekodoa macho aliniambia, "Wewe ndio umeitengeneza, na wewe ndio unashangaa?"

Malaba

Foleni ya malori ilianzia mbali sana na mpaka, na malori yakawa mtaa. Wapo waliokuwa wakinyolewa, wapo waliokuwa wakifua, na mama mmoja alikuwa anapita na sufuria ya maharagwe akijua kila dereva anakula kiasi gani cha pilipili. Kila kitu kilisogea kwa hatua, kisha kikatulia mpaka ukasahau kuwa tunasafiri.

Tulipovuka tu, cha bluu kikafa. Cha njano kilitapatapa kisha kikashika, ingawa ujumbe wake ulikawia kufika. Zote mbili zilikuwa na laini za Kenya, na nilikuwa nimezifungulia ruhusa ya kutumika nje. Nilikigeuza cha bluu, nikakizima, nikakiwasha, nikakisemesha maneno ambayo mama yangu hajui kama nayajua. Nikaviacha vyote juu ya dashibodi, nikaenda kupanga foleni ya watu upande wa Uganda.

Niliporudi Kamau alikuwa anatabasamu. Cha bluu kilikuwa kinafanya kazi, tena kwa kasi kuliko Soy. Nikabonyeza, taa ikawaka hapo hapo. Nilifurahi hata sikuuliza swali lolote. Nikajiambia kwamba kitu kizuri hujitafutia njia, na nikamnunulia Kamau soda.

Tororo mpaka Soroti

Baada ya Mbale nilitazama dirishani nikamwambia Kamau asimame. Mlima Elgon. Maisha yangu yote nimeuona ukiwa upande jua linakozama, umelala kule mbali kama kitu cha watu wengine. Sasa ulikuwa nyuma yetu upande linakochomoza, mkubwa, wenye maporomoko meupe yakining'inia kwenye majabali, na watu wanalima chini yake bila hata kuuangalia. Nilijiona nimepitia mlango wa nyuma wa nyumba niliyozaliwa. Kamau alizima injini akaniacha nitazame mpaka nikatosheka.

Cha bluu kilikuwa kinaruka. Kila mji tuliofika kilishika, na Haji alikuwa ananipigia kama mtoto mwenye baiskeli mpya. "Naona umefika Kumi! Mbona umesimama?" Cha njano kilikuwa kinazeeka mbele ya macho yangu. Ujumbe wake ulifika tukiwa tumeshakula na kunawa.

Kula kwenyewe Soroti hakukuwa rahisi. Mama wa hoteli aliuliza tunataka chakula gani, nikasema nyama. Akasema, kwa Kiswahili cha kuokoteza, kwamba nyama ni sosi, na yeye anauliza chakula. Nikasema basi nyama na sosi. Akaenda kumwita mwenzake aje anione. Kamau ndiye aliyenieleza kwamba huko chakula ni kile kinachoshibisha, ugali au ndizi au viazi, na kingine chote ni cha kukisindikiza. Tukaletewa atapa, ugali wa mtama na muhogo, mweusi, unaovutika, pamoja na mboga chungu zenye siagi ya karanga. Nilikula mpaka mama yule akanisamehe.

Hapo ndipo Kamau alipozungumza. Nilikuwa nimemwuliza tu kama mkewe huwa mkali hivyo siku zote.

"Si ukali," akasema. "Wakati ya vita mimi nilikuwa huku, nimeshusha mzigo, barabara ya kurudi imefungwa. Simu haina salio, na kadi za kuongeza zimeisha maduka yote, kwa sababu haziwezi kutoka Kenya. Mama Wangari ako kwa uwanja na watoto, wanalala kwa hema. Watu wanakuja wanamwambia malori imechomwa, madereva wamekatwa. Mmoja akamwambia ameniona kwa macho yake. Alilia mpaka akamaliza. Halafu akapeana koti yangu kwa mzee mwenye alikuwa anasikia baridi, kwa sababu mimi siihitaji tena."

Akakata tonge la atapa.

"Nikaja. Natembea kwa zile hema namtafuta, naona mtu amevaa koti yangu. Nikafurahi, nikajua wako hapo. Yeye aliponiona alianguka chini. Hakunikimbilia, fundi. Aliniogopa."

Nilisikia aibu isiyo na jina, na nikasikia pia hasira, nikitaka mtu wa kumshika shingo ya shati, lakini mezani pale tulikuwa sisi wawili tu na yeye ndiye aliyekuwa ananipoza. "Kula," akasema. "Ilipita."

Nilitoka nje nikampigia Haji. Nikamwambia ni ya bluu. Nilisema kwa haraka, kwa sauti ya mtu aliyehakikisha, kwa sababu nilitaka Mama Wangari apate kitu chenye kasi kuliko vyote.

"Sawa," Haji akasema. "Nitaagiza."

Lira, Gulu na tope la Atiak

Lira tulipita vizuri, na Gulu pia. Baada ya Gulu lami ikaisha, mvua ikaanza, na kabla ya Atiak lori la mbele yetu likazama mpaka ekseli. Likavutwa na lingine, nalo likazama. Mwishowe tukawa kijiji kizima cha malori kwenye tope jekundu, nyasi ndefu kuliko mimi kila upande, na anga kubwa sana juu yake. Wenyeji wa pale walikuwa wameishi kambini miaka mingi kwa sababu ya vita vyao, sasa wamerudi, na ungeona nyumba mpya za nyasi zikichungulia kila mahali, na mashamba ya ufuta ambayo juzi yalikuwa pori. Nilizitazama nyumba zile muda mrefu. Sikujua kwamba watu wanaweza kurudi kwa wingi namna ile.

Cha bluu kilikufa tena. Safari hii nilikibembeleza siku nzima, nikapanda nacho juu ya mzigo, nikakiinua kama mtu anayeita mvua. Kimya. Cha njano, kile kizee, kilikuwa kinatuma, kwa kuchelewa, lakini kinatuma. Hapo nikashika bisibisi, nikakifungua cha bluu. Ndani yake mlikuwa na laini ya Uganda.

Niliitazama mpaka Kamau akaja kuchungulia.

"Kamau, hii laini imetoka wapi?"

"Ni yangu," akasema, na uso wake ulijaa wema. "Pale Malaba niliona huyu wa bluu amenyamaza, na wewe umehuzunika. Nikamwekea laini ya huku. Si kila mtu anabadilisha akivuka? Ya Kenya inakula pesa bure. Yule wa njano alikuwa anapumua, nikamwacha."

Nilikaa chini, kwenye tope. Alikuwa amesema kweli. Hakuna dereva wa barabara ile asiye na laini za nchi tatu kwenye pochi. Kuvuka mpaka na kubadilisha laini ni kama kuvua viatu mlangoni, mtu hawazi mara mbili. Kumbe tangu Malaba nilikuwa nikishindanisha mgeni na mwenyeji. Cha bluu kilikuwa na laini ya Uganda, ya wenyeji, na tulikuwa tukipita katika miji yenye 3G. Cha njano kilikuwa kinatumia laini ya Kenya ugenini, kila ujumbe wake ukizunguka njia ndefu. Na kwa ushahidi huo nilikuwa nimeshamwambia Haji aagize.

Kamau aliona sura yangu. "Nimeharibu?"

"Hujaharibu," nikasema. Sikuweza kumkasirikia. Alichofanya ndicho kila dereva atakachofanya na kifaa changu, nipende nisipende, na mimi nilikuwa nimepanga kukifunga kwa gundi ili laini isiguswe. Hapo hapo nikaamua kwamba mlango wa laini utakaa nje, unaofunguka kwa ukucha.

Wenyeji walikuwa wakipita kati ya malori wakiuza njugu za kuchemsha, muhogo na laini za simu. Nikanunua laini mbili za kampuni moja, nikaweka moja kwenye kila kifaa, nikavipanga vifaa juu ya boneti. Madereva wakaja kutazama. Cha njano kilishika mara moja, nikabonyeza, na taa ikawaka kabla sijavuta pumzi. Cha bluu hakikusikia kitu. Mnara wa kule ulikuwa unazungumza 2G tu, na kile kipya hakikuijua lugha hiyo. Kwa Mama Wangari, pale kingekuwa kipande cha sabuni kweli.

Nikampigia Haji nimwambie asubiri.

"Fundi, mimi ni mtu wa biashara. Juzi ilikuwa bluu."

"Subiri nifike Juba, Haji."

"Lori yangu mimi niliiona ikitembea, kwa macho yangu," akasema, kama mtu anayenyang'anywa. Kisha akasema atasubiri mpaka Juba, si zaidi.

Lililokuja kututoa topeni ni tingatinga la wajenzi wa barabara. Dereva wake hakutaka shukrani, alitaka chumvi. Tukampa.

Nimule

Tulipovuka kuingia Sudan Kusini, Kamau alitoa laini za huko akaniuliza kwa adabu, "Fundi, niruhusu?" Tukabadilisha zote mbili, sawasawa, huku nikimsimamia.

Kizuizini askari kijana alikichukua cha njano, akakigeuza, akaita wenzake. Alidhani ni redio ya wapelelezi. Kamau alimweleza taratibu kwa Kiarabu cha Juba, na niliona askari yule akibadilika uso. Akaniuliza kitu.

"Anasema nini?" nikamwuliza Kamau.

"Nimemwambia hii inaambia mke wangu niko hai. Anauliza kama inaweza kuambia mama yake."

Mama yake hakuwa na simu. Askari akakishika kidogo tena, akakirudisha kwa mikono miwili.

Baada ya hapo barabara ilikuwa lami mpya, imenyooka, na milima ya mawe imesimama pembeni. Kutoka juu niliuona mto Nile ukipinda chini yetu, mpana na mtulivu, na nikakumbuka kwamba maji yale yametoka ziwani kwetu na bado yana safari mpaka Misri. Kamau, ambaye ameuona labda kila mwezi, alipunguza mwendo bila kuombwa. Nilimpenda kwa hilo.

Juba

Tulisimama kabla ya daraja, malori yakisubiri zamu ya kuvuka. Kamau alichukua cha njano mwenyewe. Akakibonyeza kwa dole gumba, akakiweka mapajani. Mimi nikabonyeza cha bluu.

Juba kuna 3G. Cha bluu kilifufuka kama hakijawahi kuugua, na simu yangu ikalia hapo hapo.

"Naiona!" Haji alikuwa anacheka. "Iko karibu na daraja! Fundi, hii ndio. Hii ndio nataka."

Cha njano hakikuwaka. Nikaangalia kama kimeshika mtandao. Kimeshika. Ujumbe umetoka? Umetoka. Lakini haukupokelewa. Malori yakasogea, nasi tukasogea. Kamau alikuwa anaendesha kwa mkono mmoja na macho yake yanarudi mapajani. Nikamwambia huenda ni mtandao wa Kenya. Nikamwambia huenda ni umbali, ingawa najua umbali hauna neno. Tulifika upande wa pili wa mto, tukaegesha, na taa bado haijawaka. Nilianza kupanga maneno ya kumwambia Mama Wangari, na yote yalikuwa mabaya.

Kisha ikawaka. Taa ndogo ya kijani, imetulia. Kamau alitoa pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishikilia tangu Atiak.

Nami nilikuwa nataka kucheka, ila taa ikazimika, ikaanza kupepesa. Ikapepesa, ikapepesa, ikakoma.

"Hiyo ni nini?" nikasema. Sikukitengeneza kifaa kifanye hivyo. Nikadhani kimeungua.

Ikapepesa tena, ikakoma.

"Ni yeye," Kamau akasema.

"Nani?"

"Mama Wangari. Ananiflashi." Alisema kama mtu anayemweleza mtoto. "Hivi ndio yeye huflashi. Anakata, anarudia."

Nikaelewa. Modemu ile ya zamani inaweza kupigiwa simu. Ina waya mmoja mdogo wa kuamsha kengele, na kwa kuwa sikuweka kengele, niliuchomelea kwenye taa ili usining'inie bure. Mama Wangari alipopata ujumbe kwamba mumewe amefika Juba, alifanya kile ambacho kila mtu kwetu angefanya bila kufikiri, akaipigia na kukata, kusema nimepata. Akavuka Uganda nzima, na tope, na mto, bila kutumia senti ya salio, akaja kugonga kwenye paja la mumewe. Mimi nilitengeneza kitu cha kusema. Sikufikiria hata siku moja kwamba mtu wa nyumbani atataka kujibu. Na kile cha bluu, pamoja na ramani zake zote, hakina njia ya kupigiwa.

Kamau akaniuliza abonyeze wapi ili ashike simu. Nikamwambia hakuna pa kushika, haina spika, haina chochote. Akakiweka sikioni hivyo hivyo.

"Mama Wangari," akasema. "Niko sawa."

Nilimpa muda, kisha nikampigia Haji.

"Agiza ya njano."

"Ya njano haina ramani."

"Haina."

"Na bluu naiona hapa. Imeegesha."

Nikamweleza kilichotokea.

"Wakati ya vita," Haji akasema, "bibi za madereva walikuja wakakaa kwa geti yangu. Kila siku wanauliza, na mimi sijui kitu. Nikaanza kutoka kwa mlango ya nyuma." Akakohoa. "Nitaagiza njano. Lori nitaiona ikirudi."

Tuliporudi nilipita Pioneer. Mama Wangari aliniambia umeme ulikuwa umepotea na simu ilikuwa kwa watu wa kuchaji, ndiyo maana taa ilikawia. Aliiwasha akiwa bado barabarani, akauona ujumbe.

"Na kwa nini ulikiflashi?" nikamwuliza. "Kitu hakina hata kengele."

Aliendelea kupanga paketi za chumvi juu ya rafu.

"Nilitaka na yeye ajue kwamba nimejua," akasema.

Kamau ameshapakia mzigo mwingine wa Juba. Kura bado haijafika, na mkewe ndiye aliyemsindikiza mpaka kwenye lori.